Mtandao wa Nyumba Mbili

Nyumba ya mbele, Dunda, Bagamoyo
Jumanne, 8 Aprili 2025

Samia binti Mwinshehe,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu uliniblok tangu Ramadhani ya mwaka jana, kwa voisi moja tu niliyokutumia. Ningeweza kukuita juu ya ukuta, maana kati ya uani kwangu na uani kwako hazizidi hatua thelathini, lakini mtu wa eda hapazi sauti, na sitaki Dunda nzima isikie wajane wa Majid wanaitana kama wauza samaki. Kuvuka siwezi, nawe huwezi mpaka eda iishe. Basi atatupelekea Bi Habiba. Asubuhi ananiletea vitumbua, kisha anapita kichochoroni kuja kwako. Barua nimeifunga kwa gundi. Ukiikuta imefunguliwa niambie.

Jambo lenyewe ni hili. Jana simu ya marehemu ililia. Kijana anaitwa Ridhiwani, fundi wa kampuni mpya ya faiba. Anasema Majid alijaza fomu mwezi wa kwanza, wiki tatu kabla ya kufa, kwamba anahama kutoka kwa wale watu wa antena. Waya wao sasa umefika mtaani kwetu na wako tayari kufunga. Nikamwuliza, rauta inakaa nyumba ipi? Akasema pale kwenye fomu wanapouliza kifaa kiwekwe wapi, mzee kaandika kwa mkono wake: "Nitaonyesha mwenyewe."

Haya, nani ataonyesha sasa?

Miaka saba rauta imekaa kwako, tena chumbani. Mimi kwenye nyumba yangu ya mawe napata masazo. Mjukuu wangu Inaya yuko Muscat, ana mwaka na nusu, na sijawahi kumwona akicheka. Anafungua mdomo, picha inaganda, basi. Nabaki natazama mdomo wa mtoto ulio wazi mpaka simu inakata.

Safari hii rauta inakaa kwangu. Kampuni itatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya Majid, na simu ya Majid iko chini ya mto wangu.

Ni mimi,
Zeyana binti Yousuf,
mke mkubwa

*

Nyumba ya nyuma
Jumatano, 9 Aprili 2025

Bi Zeyana, shikamoo.

Waalaykum salaam. Gundi imefika salama. Vitumbua vilivyokuja nayo vilikuwa vimepungua, lakini hilo ni la Bi Habiba na njaa yake.

Voisi moja tu! Ilikuwa dakika sita na sekunde arobaini, Bi Zeyana, na ulimtaja mama yangu. Ulisema kwetu Mkange tunapanda miti kutafuta mtandao. Ni kweli nilipanda, nikiwa na miaka kumi na tano, na sikuona aibu. Aibu niliiona niliposikia voisi yako mbele ya wageni wangu wa futari.

Rauta iko kwangu kwa sababu antena iko juu ya bati langu. Wewe ulikataa wasikutoboe ukuta. Nakumbuka ulivyosema: "Nyumba ya babu yangu haitobolewi kwa ajili ya mtu." Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sasa nisikilize. Mimi ninauza madira na mashungi kwa laivu. Tangu nimeingia eda sionyeshi sura, naonyesha mkono na kitambaa tu, na wateja wa Dar na Tanga wamenivumilia. Ndicho ninachomlishia Alia, na kifurushi cha antena kinakwisha tarehe thelathini. Faiba ikikaa ndani ya mawe yako, huku nyuma kitafika nini? Wewe unataka kumwona mtoto akicheka. Mimi nataka mtoto wangu ale.

Naomba hiyo namba ya uthibitisho ikija uitoe, rauta ibaki ilipozoea.

Mwenzio,
Samia

*

Nyumba ya mbele
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Samia,

Usiniite mwenzio kwenye karatasi. Sijazoea.

Namba nitaitoa kwa sharti moja. Unijibu swali, na ujibu kama mtu mwenye hofu ya Mungu.

Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, Ami Sufiani alisimama mlangoni akatuuliza kama tumempa radhi mume wetu. Wewe ulisema ndiyo haraka haraka, nilikusikia. Mimi sikusema kitu. Wanawake wakanishika mikono, wakadhani kilio kimenikaba. Hapakuwa na kilio. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumpa. Ami Sufiani, ndugu yake Majid, amekaa na ukimya wangu tangu siku hiyo, na siku ya kutoka eda, tarehe kumi na nne mwezi wa sita, atasoma khitma na ataniuliza tena mbele ya watu. Nataka niwe na jibu.

Sababu yangu hii hapa. Miezi ya mwisho ya mwaka jana, kila siku ya zamu yangu, akishaswali alasiri alikuwa anasema, "Natoka uani kidogo." Anakwenda kusimama kwenye ule mlango wa kati niliouziba wewe ulipoletwa. Ameinua simu usawa wa uso. Anasema polepole, "Unaniona? Na hapa je? Sasa unaniona vizuri?" Na huku nyuma ya ukuta nakusikia wewe unacheka. Unacheka, Samia! Kicheko cha mwanamke anayetazamwa.

Zamu yangu ile. Nilipika, nilijifukiza udi, nilisuka nywele zangu za mvi, na mume wangu amesimama nusu saa mbele ya mlango uliozibwa akiongea na wewe kwa simu. Mara ishirini na kitu, nilikuwa natia alama kwenye kalenda ya msikiti.

Tena alikuwa anaandika ukutani kwa penseli yake ya dukani, ile ya kuandikia mbao na nondo. Tarehe na namba. Themanini na tisa, tisini na moja, themanini na nane. Ziko mpaka kwenye ngazi, mpaka kwenye stoo yangu. Nilizijua mara moja ni vipimo. Mlikuwa mnataka kubomoa stoo yangu mpanue nyumba yako. Mume mwenye wake wawili akimpunja mmoja, kesho mbele ya Mola atasimama upande mmoja wa mwili umelala. Anayeweza kumwinua upande huo ni mimi tu.

Basi jibu. Siku zangu ulichukua au hukuchukua?

Zeyana

*

Nyumba ya nyuma
Jumapili, 13 Aprili 2025

Bi Zeyana, shikamoo.

Nimeshika msahafu kwa mkono wa kulia, naandika kwa wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala. Wallahi sikuchukua hata dakika moja ya siku zako. Siku za zamu yako Majid hakuwahi kunipigia, wala mimi sikumpigia. Nilikuwa naogopa dhambi, na nilikuwa nakuogopa wewe.

Kicheko ulichosikia ni cha laivu. Alasiri ndiyo saa yangu ya kuuza. Mteja akiandika upuuzi lazima nicheke, ndiyo biashara. Waulize wanawake wa Tanga.

Lakini sasa umenifumbua macho, na nimechukia. "Unaniona? Na hapa je?" Maneno hayo hayo, Bi Zeyana, nimeyasikia mimi siku za zamu YANGU! Ananiacha na chai inapoa, anapanda ngazi hadi juu ya bati kwenye antena, anakaa ukingoni ameelekea kwako. Simu mbele ya uso. "Sasa je? Unaniona?" Kwa sauti laini ambayo mimi sikuwahi kuipata hata nikiwa na mimba ya Alia. Nilikuwa nasimama chini nimeshika ngazi, nikisema moyoni, anampigia Bi Mkubwa wake. Siku mbili zangu tu, na bado anamtamani yule aliyekaa naye miaka thelathini.

Sikuuliza. Nilijua ningeuliza angesema nina wivu, na kweli ninao. Nina wivu na nyumba yako, na jina la baba yako, na jinsi alivyokuwa akisema "Zeyana amesema" kila nilipokata nyanya vibaya.

Mimi nilimpa radhi siku ile huku nikiyajua hayo yote. Sasa nijibu na wewe. Zamu zangu ulizila au hukuzila?

Samia

*

Nyumba ya mbele
Jumanne, 15 Aprili 2025

Samia,

Sikuzila.

Juu ya bati? Mimi Majid hakunipigia video tangu simu za video zianze. Alikuwa akinipigia dukani kuuliza kama nataka mchele, na hata salamu alikuwa anakata katikati.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kuapa umeapa, na mtu wa Mkange najua haapi hovyo. Basi kama hakuwa anaongea na wewe siku zangu, na hakuwa anaongea na mimi siku zako, ulikuwa uso wa nani ule uliokuwa unatazamwa?

Unafikiri ninachofikiri?

Jamani, yule mzee! Miaka sitini na tatu, goti bovu, anapanda ngazi juu ya bati kwa ajili ya mwanamke wa tatu! Na sisi huku tumefungiana milango, tunachunguliana, kumbe mwizi hayupo kwako wala hayupo kwangu. Pengine wa Vigwaza. Alikuwa anakwenda sana Vigwaza kufuata kokoto.

Simu yake naweza kupokea tu. Kuifungua siwezi, inataka mchoro. Nimejaribu mpaka imenizuia. Unaujua?

Zeyana

*

Nyumba ya nyuma
Jumatano, 16 Aprili 2025

Bi Zeyana,

Mimi nilishamwaza wa Vigwaza tangu mwezi wa kumi na mbili. Yuko mmoja anauza maji pale kwenye mizani, mrefu, ana mwanya. Nilimwona mara moja na sikulala.

Mchoro naujua. Najua hilo litakuuma, na siwezi kusema halinifurahishi kidogo. Ila ukweli aliyepewa ni Alia, kwa ajili ya katuni, mimi nilichungulia tu. Anza juu kushoto, shuka mpaka chini, kata kulia, panda mpaka juu.

Nimekupa mchoro, nawe nipe namba ya uthibitisho. Ukishamjua huyo mwanamke uniandikie siku hiyo hiyo. Usimbakize peke yako, tafadhali. Na mimi nina haki ya kumchukia.

Tarehe thelathini haiko mbali.

Samia

*

Nyumba ya nyuma
Ijumaa, 2 Mei 2025

Bi Zeyana,

Hii ni barua ya tatu tangu nikupe mchoro. Mbili hukuzijibu. Bi Habiba anasema anakukuta umekaa kwenye ngazi unatazama ukuta, unampa chai na kumwambia "kesho".

Juzi mtandao umekatika. Nilikuwa laivu, nimeshika dira la zambarau, mteja wa Tanga ameshasema "nalichukua", kikazima. Najaribu data ya simu, inakula hela na picha haitulii. Jana nimeona mtu mwingine anauza madira yale yale na wateja wangu wote wako kwake wanamwita dada.

Umemwona kwenye simu, si ndiyo? Umemjua ni nani, na hutaki kuniambia. Au ni mtu ninayemjua? Ni ndugu yangu? Semeni tu jamani. Nimekaa ndani miezi mitatu kwa nguo nyeupe namlilia mtu, angalau nijue nilikuwa nalia na nani mwingine.

Samia

*

Nyumba ya mbele
Jumapili, 4 Mei 2025

Samia mwanangu,

Usishtuke nimekuita hivyo. Leo sina nguvu ya kukuita vingine.

Hakuna mwanamke wa Vigwaza. Simu niliifungua tarehe kumi na saba, siku ile ile. Zile video zote, za siku zangu na za siku zako, jumla thelathini na moja, ni za Lujain. Mwanangu. Mwanae mwenyewe, mama yake Inaya, Muscat.

Nikampigia Lujain nikamwuliza baba yako alikuwa anataka nini kwako kila alasiri. Akaanza kulia. Anasema baba yake alimwapisha asiniambie mpaka kazi iishe. Nilishalalamika siku moja, nikiwa natwanga, kwamba nitakufa sijamwona Inaya akicheka. Sikukumbuka hata kama nilisema. Yeye alikumbuka. Basi akawa anatembea na simu nyumba nzima anamwuliza Lujain, "Unaniona? Na hapa je?" Anatafuta pale ambapo picha haigandi. Na kwako alipanda juu ya bati kujaribu kama mtandao ungeweza kupita juu ya ukuta uje kwangu.

Na zile namba. Ridhiwani alipopiga tena nilimsomea. Akacheka, akasema mama, hizo si futi, ni nguvu ya mtandao. Namba ikiwa ndogo mtandao una nguvu, ikikaribia tisini umekufa. Nikamwambia basi nyumba yangu yote ni maiti. Akaniuliza kuna chuma wapi. Nikamwambia upo mlango.

Unaujua ule mlango wa kati. Ulikuwa wa chuma, wa Majid mwenyewe, wa dukani. Nilipouziba sikuung'oa. Nilimwambia mwashi aujenge humo humo ndani ya matofali, na nondo juu yake, ili asije mtu akaufungua hata nikifa. Na Majid nilimlisha kiapo kwamba hataugusa. Ridhiwani anasema chuma kile ndicho kinachoumeza mtandao. Miaka saba nakulaumu wewe, kumbe mtandao ulikuwa unazuiwa na mlango wangu.

Nimekwenda kuutazama kwa tochi ya simu. Katikati ya matofali, upande wangu, amechora mraba kwa penseli na kuandika HAPA. Mkono wake ule wa kuandika mbao. Pale ndipo alipotaka kuwaonyesha mafundi. Alikuwa anatafuta siku ya kuniomba nimfungulie kiapo, na siku hiyo hakuipata. Kila nilipomkuta uani nilikuwa nimenuna.

Umeniuliza kwa nini nimenyamaza wiki mbili na zaidi. Nitakuambia kweli, kwa sababu uliapa kwa mkono wa kushoto. Nilipojua kwamba yote yale yalikuwa kwa ajili yangu, nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu nimekushinda. Nikataka nikae na furaha hiyo peke yangu kidogo, kabla sijakugawia hata chembe. Kisha nikaona aibu, na aibu ikanikalisha kimya zaidi. Na wewe huku unapoteza wateja. Nisamehe kwa hilo.

Nimemlilia leo. Ni mara ya kwanza.

Zeyana

*

Nyumba ya nyuma
Jumatano, 7 Mei 2025

Bi Zeyana, shikamoo.

Nimekusamehe kuhusu wateja. Kuhusu mengine bado, ngoja niseme.

Umefurahi. Ndiyo, ufurahi. Mimi nimekaa hapa natazama ile ngazi, na nimejua sasa nilikuwa naishika ya nini. Nilikuwa namshikia ngazi mume wangu, siku yangu, asianguke akikutafutia wewe mtandao. Chai yangu inapoa kwa ajili yako. Alasiri zangu zimekwenda kwako, na alasiri zako zimekwenda kwako. Basi mimi ndiye niliyepunjwa, si wewe!

Afadhali angekuwa yule mwenye mwanya wa Vigwaza. Ningemchukia, yakaisha. Wewe nitakuchukiaje, bibi mzima unayetaka kumwona mtoto akicheka? Umenikosesha hata mtu wa kumchukia.

Miaka saba nimekaa na rauta chumbani, hakuna siku alinipimia kitu. Hakuna ukuta wangu wenye hata namba moja ya penseli. Nimetafuta jana, nimehamisha kabati, nimetazama nyuma ya mlango. Hakuna. Alia ameniuliza, "Mama umepoteza nini?"

Na kinachoniuma ni hiki. Wewe ulimnyima radhi na hakuwa na kosa kwako. Mimi nilimpa radhi na sikujua nampa ya nini. Sasa nataka kuirudisha. Tarehe kumi na nne Ami Sufiani akiuliza, pengine wewe utasema ndiyo na mimi nitanyamaza.

Namba ya uthibitisho fanya unavyotaka. Weka rauta hapo kwako. Alikuwa anataka hivyo.

Samia

*

Nyumba ya mbele
Alhamisi, 8 Mei 2025

Samia,

Usimwondolee radhi. Soma kwanza, kisha ukasirike ukipenda.

Ulipoandika "alikuwa anataka hivyo" nilimpigia Ridhiwani. Nikamwuliza, kijana, kwa ajili yangu mimi peke yangu, rauta ingekaa wapi? Akasema, mama, hilo ni rahisi, waya unatoka barabarani, tunaingiza sebuleni kwako, dakika ishirini tumemaliza, huku mbele ungepata mtandao mpaka uchoke. Nikamwuliza, na huko nyuma? Akasema huko nyuma hakungefika kitu, kuna mawe na kuna kile chuma.

Nikamwuliza tena, na pale kwenye mlango wa kati? Akaguna. Akasema pale ni mahali pabaya kuliko pote kwa fundi. Waya mrefu, lazima uvunje ukuta, uondoe chuma, ujenge kibanda cha mvua. Hakuna mtu angechagua pale, labda awe anataka nyumba zote mbili zipate sawa.

Umeelewa? Kama ningekuwa mimi tu, asingepanda bati lako na goti lile. Angeingiza waya sebuleni kwangu na kwenda zake dukani. Alihangaika miezi mitatu kwa sababu hakutaka kukunyang'anya wewe ili anipe mimi. Ukuta wako hauna namba kwa sababu kwako palikuwa na mtandao tayari. Mraba wa HAPA ndio wako. Uko upande wangu wa mlango kwa sababu upande wako una rangi ya mafuta, penseli haishiki.

Inaniuma kukuandikia haya. Nilikuwa nimeshamchukua mzima, sasa nakurudishia nusu.

Kiapo nilichomlisha nimekifungua leo baada ya adhuhuri, Bi Habiba shahidi, mdomo umejaa kitumbua. Ami Sufiani ataleta mwashi Jumatatu na atasimama naye mwenyewe, sisi tutakaa vyumbani. Namba ya uthibitisho imekuja, nimempa Ridhiwani. Madira yako yakunje vizuri.

Zeyana

*

Nyumba ya nyuma
Ijumaa, 23 Mei 2025

Bi Zeyana, shikamoo.

Nyundo zimekwisha na vumbi limenifikia mpaka kwenye sufuria. Ule mlango wako wa chuma ulitolewa na watu wanne. Uliumbiwa jela, si uani.

Ridhiwani amemaliza leo. Rauta ipo pale pale kwenye mraba, na kila nyumba amefunga kifaa kidogo cha kusukuma mtandao ndani. Nimerudi laivu saa kumi. Wateja kumi na wanne tu, lakini yule wa Tanga alikuwepo na dira la zambarau amelichukua.

Kabla Ridhiwani hajaondoka nilimwambia kupitia pazia apime chumbani kwangu na anitajie namba. Akasema hamsini na nane. Nikamwambia apime tena. Hamsini na nane. Nikamwambia sasa nenda kapime kwa Bi Mkubwa, na usimwambie ya kwangu.

Amekuambia ngapi?

Samia

*

Nyumba ya mbele
Jumamosi, 24 Mei 2025

Samia,

Mimi nilimwambia apime mara tatu, na nilimkataza asikwambie yangu.

Hamsini na nane.

Nimeiandika kwa penseli yake kwenye ngazi, chini ya zile za themanini na tisini, na tarehe. Upande wake haukulala, Samia. Yule mzee amesimama wima. Nimempa radhi hapo hapo, peke yangu, sikungoja khitma. Tarehe kumi na nne nitaisema tena kwa sauti mpaka wa barabarani wasikie.

Na jana nilimwona Inaya. Alifungua mdomo, nikakaza moyo nikingoja igande. Akacheka mpaka mwisho. Ana meno kumi na mawili. Ana kicheko cha babu yake, kile cha kukohoa.

Wewe radhi yako umeirudisha au umemwachia?

Zeyana

*

Nyumba ya nyuma
Jumamosi, 14 Juni 2025, asubuhi

Bi Zeyana, shikamoo.

Nimemwachia. Wivu nimebaki nao, nitauzoea.

Nimeoga, nimevua nyeupe. Nimekutoa blok. Nikupigie, au nizunguke kichochoroni niingie na watu wa khitma?

Mwenzio, upende usipende,
Samia

*

Nyumba ya mbele
Siku hiyo hiyo

Marahaba.

Usipige simu, na kichochoroni kuna matope. Pita mlango wa kati, uko wazi. Mlete Alia amwone Inaya. Chai iko tayari na safari hii haitapoa.

Ila kiti cha Majid usikikalie. Hicho ni changu.

Mwenzio,
Zeyana